Mmea wa Nyuma ya Bafu

Jumanne, 11 Juni

...na bado sijachoka kumtazama akilala! Mume wangu. Yiadom, mume wangu — raha iliyoje kuyaandika! Leo nyanya yake, Nana Nyarko, amenikuta nikicheka peke yangu jikoni. Bibi harusi, akasema, mchuzi wa mawese unaungua, au huko pwani kwenu mnapika kwa meno?

Ananipenda, najua. Moyo wake umechoka, miguu imevimba. Wajukuu wake wa kike wote wako Kumasi na ng'ambo. Kwa hiyo dawa zake ataniachia mimi, Mfante, mgeni wa pwani! Sharti moja: kila mmea nipewe jina lake kwa kinywa chake. Bila jina huwezi kumtibu mtu.

Na majina yenyewe, kwa lugha yao! Nanasi ni mchikichi wa Mzungu. Mgomba wa ndizi za kupika, kiazi kikuu cha Mzungu. Kisha kuna kale kamea kanakoficha vijitunda chini ya majani: bommaguakyi, zaa watoto uwatupie mgongoni. Yiadom alinikonyeza. Niliona haya!

Umebaki mmoja tu, ule wa nyuma ya bafu. Kesho kutwa, kasema.

Alhamisi, 13 Juni

Mungu wangu, nimefanya nini?

Nana alikuwa amelala. Nikataka kumfurahisha. Nikachukua jembe, nikapalilia ule mmea wa nyuma ya bafu. Akatoka na fimbo yake. Araba! Tupa jembe! Leo Alhamisi! Unampiga Ardhi siku yake!

Nikasema, Nana, kwetu Ardhi ni Efua, mzaliwa wa Ijumaa, hupumzika siku hiyo.

Hapa ni Yaa, wa Alhamisi, akasema. Basi kalime kwenu.

Kwenu. Alilisema polepole.

Ijumaa, 14 Juni

Yiadom ameleta mayai na chupa ya pombe kali. Mjomba wake ameimimina chini, ameiomba Ardhi radhi. Ardhi labda imesamehe. Nana bado. Anaongea na mbuzi ili mimi nisikie: mbuzi, wewe angalau unajua leo ni siku gani.

Yiadom kanishika mkono chini ya meza. Nililia hata hivyo.

Jumapili, 16 Juni

Nana hapumui vizuri. Wamempeleka hospitali Kumasi. Kabla mlango wa gari haujafungwa nilimuuliza — sijui kwa nini wakati ule! — Nana, ule mmea unaitwaje?

Akanitazama. Kwani ulipokuwa na jembe uliuuliza?

Gari likaondoka.

Alhamisi, 20 Juni

Amepiga simu! Sauti nyembamba kama uzi. Mke wangu, kaniita — mke wangu, kama ukoo mzima ulivyoniita siku ya harusi!

Kasema ule mmea hata yeye hajui jina lake. Ulijiotea tu. Alikuwa anautazama bado, ajue una tabia gani, apate kuuita. Sasa utazame wewe. Jembe liache. Kisha njoo uniambie unaitwaje, niseme kama ni kweli.

Nimekaa kwenye kigoda tangu asubuhi. Majani yake yote yameinamia ukuta, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili. Jina halijaja. Yiadom kaniletea chai, kasema madaktari hawataki kusema lolote, akakaa chini kando yangu. Tunautazama wote wawili.

Nimemwahidi Nana: kabla mwezi haujaisha nitakuja, na jina mdomoni.

Ningoje, Nana.