Nilileta Taa Baraka Wiki ya Mbalamwezi

Ijumaa mchana, mjini Baraka. Jua kali, upepo wa ziwa unaingiza vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai, na pua yangu imebabuka kama kiazi cha kuchoma. Nina furaha. Naliandika hilo mwanzoni kabisa kwa sababu yatakayofuata yanaweza kukufanya udhani vingine.

Nimekutupa siku sita, shajara. Si uvivu. Ni aibu, na leo nakueleza yote.

Unajua nilivyoondoka Lubumbashi. Sanduku la taa sita za sola za kuvulia samaki, fomu kumi za kujaza, ordre de mission, yaani hati ya safari ya kazi, yenye sahihi mbili, na maneno ya chef, mkuu wangu wa kazi, masikioni: nikirudi na ripoti, mkataba wangu wa majaribio unakuwa wa kudumu. Nikirudi mikono mitupu, tutazungumza. Chef wangu akisema tutazungumza, huwa hakuna mazungumzo yoyote. Na ripoti ilitaka jambo moja tu. Mashua mbili zivue usiku mmoja, moja kwa taa zao za zamani, nyingine kwa taa zetu, halafu tulinganishe ndakala waliopatikana. Ndakala ni wale samaki wadogo wa kukausha. Mimi nilikuwa nawajua kutoka kwenye sahani tu.

Nilishuka Jumamosi kutoka boti ya Kalemie. Jioni ile mwezi ulichomoza nyuma ya rasi ya Ubwari, mviringo kabisa, mwekundu kidogo. Nikaupiga picha, nikamtumia mama, tukasifia wote wawili. Sikujua kwamba nimepiga picha ya tatizo langu.

Jumapili baada ya misa nilibeba sanduku mpaka ufukweni. Mashua zote zilikuwa juu mchangani. Wanaume walikuwa wanashona nyavu, mmoja ananyolewa, redio inaimba. Nilimuulizia Mama Salima, mjane mwenye mashua mbili, ambaye ofisi ilikuwa imeelewana naye kwa simu kuhusu majaribio, bila kumtajia siku. Alifungua sanduku, akageuza taa moja huku na huku, akanitazama kwa huruma.

“Mutoto yangu, ni nani alikutuma hii juma?”

Nikamtaja chef.

“Kwenu kule mwezi haitokaka?”

Ufukwe mzima ulicheka. Kinyozi alilazimika kuondoa wembe. Nami nilicheka, bila kujua nacheka nini, mpaka Mama Salima aliponikalisha juu ya beseni lililopinduliwa na kunieleza. Ndakala hufuata taa kwa sababu kila mahali pengine ni giza. Mwezi ukijaa ziwa lote linang'aa, na samaki hana haja na taa ya mtu. Kwa hiyo wiki ya mbalamwezi hakuna anayetoka. Ni wiki ya kushona nyavu, kuziba mashua, kuoa, kwenda kuwasalimia wakwe. Hapa hilo linajulikana hata na watoto wa chekechea.

Chef alipanga safari kwa kalenda ya ukutani. Nami nimekulia Lubumbashi, ambako mwezi tunaukumbuka umeme ukikatika.

Boti yangu ya kurudi ilikuwa Jumatano.

Basi nikawa mtalii mwenye sanduku. Jumatatu nilipeleka ordre de mission ipigwe muhuri, nikaambiwa muhuri huo unapatikana Fizi-Centre, ofisi ya teritware, yaani ya wilaya. Nikapanda mota, pikipiki ya abiria. Mwenye mota aliniuliza kama nataka kufika haraka au kufika mzima, nikachagua la pili, akaendesha kwa namna ileile tu. Njia inapanda vilima, mihogo huku, migomba kule, na kila ukigeuka ziwa liko nyuma yako, limezidi kuwa pana. Kule juu kuna ubaridi mtamu. Nilikunywa maziwa kwa mama mmoja aliyesema yameshuka kutoka milima ya Bibokoboko, nikaongeza kikombe cha pili bila haya. Karani wa muhuri alisoma karatasi yangu polepole: kujaribu taa za uvuvi. Akatazama dirishani, akanitazama mimi, akauliza kama ni hii juma kweli. Akapiga muhuri akiwa bado anacheka.

Niliporudi Baraka nilipotea. Kwetu mtu anakuelekeza kwa avenue na nambari. Hapa wanakuambia ni juu au ni chini, juu ni upande wa milima, chini ni upande wa ziwa, na wewe jipange. Nilipita soko mara tatu, msikiti mara mbili, na kanisa moja lenye kwaya inayofanya mazoezi, ambalo nilidhani ni makanisa manne. Muuza mikate aliyeniona kila mara aliniita Dada wa Mataa. Kumbe habari ilikuwa imenitangulia mji mzima.

Nilifurahi siku ile. Nilipofika chumbani ndipo hofu ilipoanza.

Sasa lile la aibu.

Jumanne asubuhi nilimpigia mwenzangu wa ofisini, nikamlilia kidogo. Akaniambia nijaze tu. Nani atatoka Lubumbashi kwenda kuhesabu samaki? Nilikata simu nikiwa nimekasirika, kisha nikakaa mezani nikajaza. Kurasa tatu. Niliweka kilo za taa zao, kilo za taa zetu, zetu zikizidi, lakini si sana. Nilichagua nambari zisizo nzima ili zionekane za kweli. Hata hali ya upepo niliitunga. Mahali palipoandikwa Matatizo niliandika: Hakuna. Nakuambia ukweli, shajara, sikusita hata kidogo. Mwandiko ulitoka mzuri kuliko siku zote.

Palibaki sahihi ya mwenye mashua. Nikaenda kwa Mama Salima.

Alikuwa uani na Papa Etabo, nahodha wake, mzee wa ndevu chache na vidole vinene, wanashona wavu mmoja kutoka ncha mbili. Akaniambia nimsomee kwanza, kwa sababu yeye hasaini kitu ambacho masikio yake hayajasikia. Nikasoma. Nilianza kwa sauti, nikamalizia kwa mnong'ono. Safari hii hakuna aliyecheka. Papa Etabo aliacha kushona.

“Hii samaki yote, tulivua siku gani?” akauliza Mama Salima.

 Alichukua karatasi, akazikunja vizuri, akazibana chini ya sufuria.

“Ukiweka jina yangu pale, bantu batanunua hii mataa juu ya jina yangu. Kama inabalalisha njaa, batakuja kugonga mulango ya nani? Ya chef yako?”

Hakupandisha sauti. Afadhali angenigombeza. Badala yake alinisogezea bugali na mukeke, samaki wa ziwa, wa kuchoma, nikala huku machozi yananitoka, na pilipili ikanisaidia kuwa na kisingizio. Nilikuwa nimefikiria mkataba wangu tu. Wale watu wa ufukweni, ambao kesho wangeuza kitu ili wanunue taa kwa sababu Mama Salima kasaini, sikuwa nimewafikiria hata dakika moja.

Papa Etabo ndiye aliyeanza kuhesabu kwa vidole. Mwezi ulijaa Jumamosi. Kila siku unachelewa kidogo kutoka. Alhamisi, ambayo wao wanaiita kazi ine, utachelewa mpaka saa nne hivi za usiku.

“Kazi ine giza iko kidogo. Bengine bangengoja tena. Mi nitatoka, juu ya huyu mutoto.”

Alhamisi. Na boti yangu Jumatano.

Nilipanda juu, upande wa milima, pale mtandao unaposhika, nikampigia chef. Nilimwambia kila kitu isipokuwa zile kurasa tatu. Sawa, na zile kurasa tatu nilimwambia, mwishoni, haraka haraka. Akauliza jambo moja tu.

“Unasema mwezi?”

“Mwezi, chef.”

Akasema nibaki. Akaongeza kwamba nikirudi tutazungumza.

Jumatano niliitazama boti ikiondoka bila mimi, nikiwa nimekaa mchangani nakula karanga. Mama Salima alikuwa ameshanitoa kwenye chumba cha kupanga na kunilaza na binti zake wawili, ambao wanakoroma kwa zamu. Nilitembea siku nzima, na sikupotea. Chini, juu, chini. Nilimwelekeza hata mgeni mwingine, muuza vitenge, nikamwambia kwa majivuno kwamba soko liko juu kidogo. Kwaya ya kanisa lile moja iliniita niingie nikae, nikakaa wimbo mzima, na sauti ya pili nikaijaribu kimoyomoyo.

Jana, Alhamisi, jua likiinama, wavuvi wakasukuma mashua mbili majini. Ya kwanza na taa zao za betri, ya pili na taa zetu. Nilisimama na fomu mpya, tupu. Giza lilipoingia nikaona taa zikiwaka mbali, na nikazitambua zetu kwa weupe wake. Zilipendeza. Niliziombea kama mtu anavyomwombea mtoto wake wa shule.

Alfajiri ya leo mashua zilirudi.

Taa zao: mabeseni matano. Taa zetu: moja na nusu.

Nikaandika. Moja na nusu. Safari hii mwandiko ni mbaya kweli. Wavuvi walikuwa wananitazama, nadhani walitaka kuona kama nitaongeza kitu. Mama Salima alisimama karibu yangu, akaniwekea mkono mgongoni.

Kisha Papa Etabo akaniita kwenye chumba cha kuwekea nyavu, mahali penye giza hata mchana. Akawasha taa yetu, akanyoosha kidole kwenye dari. Dari yote ilikuwa inang'aa.

“Taa yako iko na nguvu kupita yetu. Lakini inamulika mbingu. Samaki iko chini.”

Akaingia jikoni kwa Mama Salima, akatoka na sahani ya bati, akaitoboa katikati kwa msumari, akaipitishia waya na kuifunga juu ya taa kama kofia. Dari ikazimika. Sakafu ikawaka mpaka nikaona sindano ya nyavu iliyopotea, binti mmoja wa Mama Salima akapiga kelele kwa furaha maana walikuwa wameitafuta tangu juzi. Mimi nilikaa chini nikacheka peke yangu. Mahali pa Matatizo, pale nilipokuwa nimeandika Hakuna, sasa nina ukurasa mzima, na mchoro wa sahani.

Nilipanda juu nikamtumia chef picha ya fomu na picha ya taa yenye kofia. Jibu lilikuja baada ya saa nzima. “Hiyo sahani uje nayo.” Basi. Mkataba hakuutaja. Tutazungumza hakuitaja pia, na hilo nimelisoma mara kumi.

Nilimsomea Mama Salima ujumbe huo. Alikuwa ananifungia ndakala wakavu wa kumpelekea mama, na karatasi aliyofungia niliitambua mara moja, mwandiko wangu ule mzuri, kilo zile za uongo, sasa zimelowa mafuta ya samaki wa kweli. Alimaliza kufunga fundo kwanza, bila haraka.

“Sahani yangu haiendi popote. Leo banatoka nayo. Kama chef anaitaka, akuje yeye mwenyewe,” akasema. “Lakini aangalie mbingu mbele.” Mbele, kwa hapa, ni kwanza.

Mwezi wa leo unachelewa kuliko wa jana, kwa hiyo kuna giza zaidi, na mimi nitakuwa ufukweni mashua zikiondoka. Kabla ya hapo nina simu mkononi na ujumbe haujaandikwa. Nawaza namna ya kumjibu chef kwa adabu.

Nadhani nitamwandikia vilevile Mama Salima alivyosema.