Sindano ya Kaniki

Muyinga, tarehe 9 Novemba 2010

Kwa kaka yangu Kassimu,

Pokea salamu za amani kutoka kwa mdogo wako, wewe na wifi na watoto wote hapo Magarama, Gitega. Natumaini barua inawakuta wazima, na kwamba lile jino lililokusumbua tangu Idi limekwisha kung'olewa. Mimi mwili hauna neno. Mvua zimeanza vizuri, maharage yameota, na cherehani nimeipatia mkanda mpya. Ni moyo tu ndio hauna raha, na ndiyo sababu nimeketi kuandika badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ningeogopa katikati nikakata.

Ijumaa uliniambia kwamba malalamiko yetu ya kupeleka kwenye tume ya ardhi umekwisha kuyaandika, bado kutia sahihi. Ukasema umeingiza na habari ya paka, kwamba Egidius, aliyejenga kwenye nusu ya kiwanja cha baba, alimchoma Kaniki sindano ya sumu ili kututisha tuondoke. Nakuomba usitie sahihi kabla hujasoma barua hii mpaka mwisho.

Wewe ulirudi Burundi miaka miwili kabla yetu, kwa hiyo Kaniki humjui vizuri. Alikuwa paka wa mama. Mama aliniachia vitu vichache pale kambini Mtabila, Tanzania, na huyo ndiye pekee anayepumua. Siku ya kupanda lori la kurudi watu walibeba mabati na milango, mimi nilibeba kikapu nilichokishona mdomo kwa uzi, na kila kizuizi askari walitaka kujua kuna nini humo kinacholia. Tulipofika Muyinga na kukuta ukuta wa matofali umepita katikati ya uwanja wetu, Kaniki aliupanda siku hiyohiyo akaenda kulala upande wa pili. Niliona vibaya sana. Hata paka, nilijiambia, amekwisha kuchukuliwa.

Tangu siku ile macho yangu hayakutoka kwenye ukuta huo. Egidius ni fundi wa mifugo, wenyewe wanamwita veterineri. Anasema baba yake, marehemu Urbano, aliuziwa kile kipande na baba yetu mdogo wakati wa vita. Karatasi hajawahi kutuonyesha. Ananisalimia kila asubuhi kwa upole mwingi, na upole wa mtu anayekalia mali yako, kaka, unaujua unavyochoma. Nilikuwa nikijiuliza, anataka nini? Mbona ananiita Zaituni na mimi sijawahi kumtajia jina langu?

Mwezi wa tisa kukatangazwa kwamba kichaa cha mbwa kimeingia milimani, na kila mwenye mbwa au paka ampeleke achanjwe. Mchanjaji alikuwa yeye. Nilitaka kukataa, lakini chifu wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba. Nikampeleka Kaniki. Tulikuwa wengi kwenye foleni, na mbwa wote waliotutangulia walichomwa kutoka chupa moja. Zamu yangu ilipofika, Egidius akaiweka ile chupa pembeni akafungua nyingine. Mpya, kwa paka wangu tu. Akauliza maswali kadhaa, nikajibu, akachoma.

Sikufika hata nyumbani. Kwenye kona ya msikiti nilisikia kikapu kimetulia. Nilipofunua, Kaniki alikuwa ametapika, mdomo umevimba, macho yamekuwa mistari miwili. Alipumua kama mtu anayevuta maji kwa mrija. Egidius alisikia watu wakipiga kelele, akaja mbio na mfuko wake. Akasema chanjo imemkataa, akamchoma sindano ya kutuliza hata kabla sijamkataza. Baada ya saa moja alikuja nyumbani na sindano ya pili. Hiyo nilimzuia. Nilimfunika Kaniki kwa kitenge, nikasimama mlangoni nikamwambia kwamba ya kwanza inatosha kuua.

Kwa siku nne sikushona nguo hata moja. Nilimweka karibu na mafiga apate joto. Nilimnywesha maji tone kwa tone kwa bomba lisilo na sindano, nikamwosha macho kwa kitambaa cha uvuguvugu, nikawa namfunua fizi kila mara. Zilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo. Alipojikojolea nilimbadilishia vitambaa kama nilivyombadilishia mama. Egidius alikuja kila siku kusimama ukutani na kuuliza anaendeleaje. Mkewe akaleta mchuzi wa visamaki vya ndagala usio na chumvi, ati ale kidogo kidogo. Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaenda kuumwaga migombani. Kisha nikapika wangu, wa ndagala vilevile.

Hayo hayakunitosha. Nilirudi pale walipochanjia nikaokota chupa zote mbili, nikazipeleka kwa Joël, yule Mkongo wa Uvira mwenye duka la dawa. Alizigeuza, akazisoma, akaniambia, "Mama Zaituni, hii iko chanjo ya kichaa tu, sawa na ile ingine. Ile ya kwanza ilikuwa imeisha." Sikumwamini. Nilikwisha kumwona akiongea Kifaransa na Egidius wakicheka. Nikatoka dukani nikijisemea kwamba na huyu pia wamemweka mfukoni.

Basi nikaenda bombani. Unajua bomba letu lilivyo asubuhi, ndoo zinasubiri na midomo haisubiri. Sikupaza sauti. Nilisema tu kwamba zile sindano ni mbili, kuna ya watu waliobaki na kuna ya sisi tuliorudi. Nilisema anayetaka mnyama wake aishi amfiche. Siku hiyo ndiyo niliyokupigia simu. Kesho yake foleni ya chanjo ilikuwa nusu, keshokutwa ikawa watu wachache, na Hamissi fundi viatu, jirani yetu wa chini, alimtoa mbwa wake mlango wa nyuma chifu alipobisha mbele. Aliniambia mwenyewe huku akicheka, "Mi sijue mambo ya dawa, lakini we uko unajua." Nilifurahi, kaka. Nakuandikia ukweli, nilifurahi.

Siku ya tano Kaniki alilamba ukucha wake. Siku ya sita aliomba chakula. Hapo ningepaswa kufikiri, maana aliyetaka paka afe asingekuja mbio kumtibu wala kuleta mchuzi. Mimi niliona tu kwamba nimemshinda.

Mwezi wa kumi ulipokaribia kwisha, mbwa wa Hamissi alianza kukataa maji. Alikaa gizani chini ya meza ya viatu, na mchana wa Jumatatu alimrukia Raissa, binti wa Hamissi, yule wa miaka kumi na miwili anayekuja kwangu kuomba vipande vya vitambaa, akamng'ata mguuni juu ya kifundo. Aliyeruka ukuta alikuwa Egidius. Alimbeba mtoto mpaka bombani, akamwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda mrefu kiasi kwamba mtoto aliacha kulia akabaki kushangaa. Hamissi alisema basi, limekwisha kutakata. Egidius akasema bado. Ndoo zetu zilikuwa zimepangwa pale zikisubiri. Hospitali wakamfunga jeraha, wakasema chanjo ya binadamu aifuate Gitega. Egidius mwenyewe akapanda naye gari pamoja na mama wa mtoto, akarudi kesho yake na viatu vyenye vumbi. Mbwa alikufa Alhamisi.

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Kabla ya kumchoma Kaniki, Egidius aliniuliza swali moja ambalo hukulisikia kwangu. Aliuliza, "Hii paka ilishachomwa siku ingine? Haikugonjwa?" Nikamjibu hapana. Kassimu, nilikuwa nadanganya. Mwaka 2008, wewe ukiwa umekwisha ondoka, walikuja watu kuchanja wanyama wa kambini. Kaniki alichomwa, na kabla ya saa moja kupita alivimba mdomo na macho, vilevile. Mama alikesha naye mpaka akapona, akaniusia kwamba paka huyu asichomwe tena. Niliyakumbuka yote nikiwa kwenye foleni. Ningesema neno moja, Egidius angemrudisha kikapuni.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini nakana haraka nikiulizwa, basi leo nakueleza. Kule kambini kila jibu lilizaa swali. Ukisema ndiyo unaandikwa, unarudishwa nyuma ya mstari, unaitwa ofisini. Ukisema hapana unapita. Nilipomwona mtu wa ule ukuta ananiuliza habari za kambi, nilidhani anatafuta kitu cha kutumia kwenye tume. Ulimi ukasema hapana wenyewe. Lakini siwezi kusema ulimi ndio ulioenda bombani. Pale nilijua. Nilijua chanjo ndiyo iliyomkataa Kaniki, na nilijua kwa nini, na bado nikasema ni sumu, maana nilitaka iwe sumu. Ingekuwa sumu, kila kitu kuhusu kiwanja kingekuwa rahisi.

Jumamosi nilikwenda kwa Hamissi kwanza. Hakunifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kushona kiatu, na tangu hapo nikipita hainui kichwa. Kisha nikazunguka mpaka mlango wa mbele wa Egidius, sikusimama ukutani. Nilimwambia la kambini, la bombani, na la mchuzi pia. Akauliza ile sindano ya Mtabila ilikuwa mwaka gani, na uvimbe ulianzia wapi, mdomoni au machoni. Nikamjibu yote. Akasema Kaniki asichomwe tena maisha yake yote, nimfungie ndani mpaka kichaa kipite. Nilipoinuka ndipo akasema, bila kunitazama, "Mimi nilidhani watu wameficha mbwa zao kwa sababu siijui kazi yangu." Leo asubuhi nilirudi bombani nikasema mbele ya ndoo zote kwamba nilisema uongo. Jumatano anachanja tena, na mimi nitakuwa pale nikimshikia kamba za mbwa, kama watu watakuja.

Kaka, usinielewe vibaya. Kile kipande ni cha baba, na karatasi ya Urbano naitaka mezani, niisome herufi kwa herufi. Katika hilo simwamini Egidius hata leo, na mbele ya tume nitakaa upande wako. Lakini habari ya paka ifute. Usiipige mstari tu, andika karatasi upya, isionekane hata ilikuwapo.

Jambo jingine moja. Raissa na mama yake wamepewa chumba kwa mwalimu mmoja hapo Mushasha, nyuma ya shule. Bado sindano moja, ya mwisho, tarehe 22. Mpaka sasa hana homa, anakula. Nenda ukawaone, na wifi awapelekee chakula cha moto. Wakikuuliza umetumwa na nani, taja jina langu. Mama yake akifunga mlango, acha chakula kizingitini, na kesho urudi.

Nisalimie watoto mmoja mmoja. Allah akupe afya, na mimi anipe uso wa kukutazama utakapofika.

Ni mimi mdogo wako,
Zaituni