Kupimwa Siku ya Lichiu

Matrah, 20 Julai 1965

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Kifua je? Sisi wazima, mimi, Aflah na mtoto, ila joto la Matrah, huku Uarabuni, halina adabu. Lichiu inakaribia. Usiache kwenda kwa jirani Mzee Lin akupime uzito, kama alivyokuwa akitupima utotoni: siku ambayo Wachina wanasema joto limekwisha, wanaangalia limekula kiasi gani mwilini. Uniandikie ratli zako za kweli. Zikipungua kumi tu napanda meli nakuja, na mapinduzi yenu siyajali.

Mwanao,
Nasriya

Unguja, 9 Agosti 1965

Mwanangu Nasriya,

Salamu zako zimenifika, nami ni mzima, kifua kimetulia. Jana nimepimwa: ratli mia na ishirini, haikupungua hata moja. Mzee Lin kanikalisha kwenye kapu analopimia majongoo ya bahari, nikanuka mpaka magharibi. Kisha kanilisha tikiti, ndiyo desturi yao. Nikamwambia sisi huku tumo kwenye kipupwe, joto gani lililokwisha? Hajali. Tulia na mumeo. Huku usije, nyumba mbili za mtaani hazina tena wenyewe.

Mamako

Matrah, 2 Septemba 1967

Mama yangu,

Salamu nyingi, na wajukuu wawili wanakubusu mkono. Mia na ishirini mara ya tatu! Mimi nimejipima kwa mizani ya tende: mia na tatu. Lakini mbona hati yako imekuwa kubwa na mistari inapanda? Nieleze. Nikisikia unaumwa nakuja, nimeapa.

Mwanao,
Nasriya

Unguja, 11 Agosti 1969

Mwanangu,

Salamu. Ananiandikia Mahbuba wa nyumba ya pili, mkono wangu hautaki kalamu. Nisamehe. Kila Lichiu nilikuwa napanda mizani na jiwe la kusagia bizari, nimelifunga ndani ya baibui. Mzee Lin aliona, akasoma mia na ishirini vile vile. Nilifanya hivyo usije ukapata balaa huku. Mwaka huu jiwe limenishinda kulinyanyua. Ratli sabini na nne. Sasa nna hamu nawe kuliko nnavyoogopa. Njoo, mwanangu.

Mamako

Matrah, 15 Novemba 1969

Mama,

Barua yako imekaa njiani miezi mitatu. Hata salamu imenikwama. Siwezi kuja, Mama. Sikuweza hata mwaka ule wa kwanza. Sisi tuliotoka Unguja, ukivuka mpaka wa huku huruhusiwi kurudi, na watoto ningemwachia nani? Nilijua tangu mwanzo. Nilisema nakuja ili ujione una mtu. Kumbe maneno yangu ndiyo yaliyokubebesha jiwe. Nijibu, hata kwa kunitukana.

Mwanao,
Nasriya

Matrah, 3 Oktoba 1970

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo? Hii ni barua ya tano. Wewe kimya, Mahbuba kimya, Mzee Lin kimya. Huku mambo yamefunguka kwa Sultani mpya, na leo Aflah kaniletea ruhusa ya kutoka na kurudi. Jumatatu napanda meli ya Mombasa. Jirani yangu Bi Masouda ananiangalia kwa huruma, anasema, "Ngoja kwanza usikie khabari." Sitaki khabari. Kama umeninunia, ninunie nikiwa mbele yako.

Mwanao,
Nasriya