Ukingo wa Kizingiti cha Bafu

Same, Jumanne jioni

Fundi wa vigae anakuja kesho asubuhi kubandua kona za kizingiti cha bafu na kuweka ukingo wa plastiki. "Mama, si ulisema plastiki itaharibu muonekano?" kaniuliza kwenye simu. Nimemwambia iharibu tu.

Kosa ni langu. Alinishauri kona za vigae pale kwenye kizingiti cha bafu azimalizie kwa ukingo wa plastiki wa mviringo. Nikakataa. Nilitaka vigae vikatwe kimshazari, vikutane vyenyewe, bafu lipendeze kama la hotelini. Kona ikabaki kali.

Leo alasiri nimekuta matone ya damu koridoni. Yameishia chumbani kwa baba mkwe, tuliyemteremsha kutoka Suji, kule milimani, kwa sababu ya kisukari. Siku hizi miguu yake haihisi kitu. Alikuwa amekaa kitandani, mguu kauficha chini ya blanketi.

"Baba, umejikata?"

"Kidogo tu, mwanangu. Hata sikusikia. Nilipoona damu nikanyamaza, maana unalipenda sana lile bafu lako."

Kidonda kwa mtu wa kisukari, halafu yeye anaionea huruma furaha yangu!

Kesho tutakwenda hospitali. Naogopa, sitajidanganya.

Tangu aje hajakubali nimguse miguu. Mkamwana hamwoshi baba mkwe, ndivyo anavyosema, na kila siku humsubiri mwanawe atoke kazini. Leo nimechota maji kwenye beseni, nikapiga magoti mbele yake bila kuomba ruhusa. Amegeuzia uso dirishani.

Kisha akalifunua blanketi, akaninyooshea mguu mwenyewe.