Sukari Badala ya Sindano

Jumatatu, 3 Machi 1975
Nimefua. Yunifomu ya Rose nimeianika mbele, kambi nzima ya polisi iione. Binti yangu nesi! Mimi niliishia darasa la nne. Pale bombani nimewaambia wake wenzangu wa polisi, Rose akikuchoma sindano moja tu, ugonjwa wowote unakimbia. Wamebaki kunitazama, ndoo zinafurika. Raha.

Jumatano, 5 Machi
Mdomo wangu umeniletea mgeni. Sajini wa nyumba za mbele, kambeba mwanawe wa mwaka mmoja. Anaharisha tangu jana, hakojoi, macho yameingia ndani. Kichupa cha dawa ya sindano kanunua mwenyewe sokoni Namuwongo. Kasikia binti yangu anachoma vizuri.

Rose amekigeuza kile kichupa, amekirudisha.

"Afande, mtoto ameishiwa maji. Dawa hii si ya kuhara, wala sijui imetoka wapi. Simchomi."

Sajini hajazoea kukataliwa. Mjini hapa watu wanachukuliwa na kupotea kwa kosa dogo kuliko hilo. Baba Rose kasimama mbele ya mkubwa wake kama mlingoti. Naogopa.

Rose kaomba sukari. Kampala nzima hakuna sukari. Mimi ninayo, chini ya kitanda, ya chai ya watu wanaokuja Jumapili kumposa. Nimeitoa. Imeniuma.

Maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari, chumvi kidogo. Rose kaonja: yasizidi chumvi ya machozi. Kamkabidhi Sajini kijiko. Ampe kidogo kidogo, mama aendelee kunyonyesha, akizidi kulegea wakimbie hospitali.

Sajini kasema, "Asipopona, nitarudi kwako."

Alhamisi, 6 Machi
Amekojoa! Kamlowesha Sajini suruali yote ya kazi. Mkewe amekuja mbio kutuambia, nimepiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Sijawahi kuufurahia mkojo hivi.

Ijumaa, 7 Machi
Mtoto anakunywa uji. Bombani Mama Zainabu ana mafua, ameuliza kama Rose atamchoma. Nimemwambia Rose wangu hachomi ovyo. Nimesema kwa sauti, wote wasikie.

Jumapili, 9 Machi
Wageni wamefika. Chai haina sukari. Shangazi wa kijana anayemposa Rose ameonja, amekiweka kikombe chini. Aibu. Nimemwambia sukari ilikokwenda. Amemtazama Rose, kisha amenyoosha kikombe nimwongezee.