Ukuta Niliokuwa Nikiufuta

Jumatatu, 4 Novemba
Nimeswali, nimefuta ukuta wa chumba cha uani. Kitambaa cha maji, toka pembeni chini mpaka juu mkono unapofika. Ule udongo umerudi tena, mstari mwembamba kama kamba ya kiatu. Ukuta wa zamani huu, unatoka jasho lake. Marehemu mama naye aliufuta kila asubuhi, kanga kiunoni, anaimba kwa pua.
Rehema anakuja wiki ijayo. Mimba ya kwanza, na mwanangu ndiye huyo huyo mmoja. Atajifungua hospitali hapa mjini, arobaini yake aimalizie kwangu, chumba nilichomlelea yeye, na mama alichonilelea mimi. Mama mkwe wake wa Kigombe anataka abaki kwao. Eti nyumba yangu kuukuu. Imeniuma.

Jumatano, 6 Novemba
Mlango wa jiko la Mama Agnesi umeanguka. Kaushika tu, umebaki mkononi. Mchwa. Ndani mtupu kama kapi la muwa. Jirani yangu huyu hana haya, kacheka mpaka kakaa chini. "Mlango umenifia mikononi, na padri sijamwita!"
Mimi sikucheka. Ukuta wa jiko lake ndio unaopakana na chumba cha uani.
Nimeingia nikatazama juu. Boriti ya katikati ndiyo tunayofungia susu ya mtoto, kamba mbili na kanga, unabembeza hapo mpaka mtoto alale. Baba aliitoa Tongoni, boriti ya mkoko, wanaume wanne wakaibeba kuingia nayo hapa Makorora. Akasema hii mchwa hawaitaki. Kamba zimeichimba kijifereji. Nimelala hapo mimi, na Rehema.
Mjukuu hajazaliwa, mimi nishamwona anaanguka. Mama Agnesi kapata fundi wa dawa ya mchwa, anaitwa Hoza. Nimesema apite na kwangu.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimefagia, nimefuta, nimepaka na chokaa. Fundi ni mgeni, na mgeni haonyeshwi ukuta mchafu. Mgongo unauma. Mama angefurahi.

Ijumaa, 8 Novemba
Hoza kaja na tochi na bisibisi. Kijana ana adabu, shikamoo kaitoa mlangoni, kaitoa tena chumbani. Kagonga miimo ya milango, kagonga madirisha, sikio ukutani kama daktari. Kasema sioni njia yao, mama, ukuta mweupe kama sanda. Nikamwambia sanda haitajwi chumba cha mzazi. Kaomba radhi.
Alitaka kuichoma boriti na bisibisi. Nimekataa. Boriti ya marehemu baba haichomwichomwi. Kanitazama, kakubali.
Nyumba safi. Nimempigia Rehema nikamwambia. Nimemwambia akamwambie na mkwe.

Jumapili, 10 Novemba
Nimefunga susu. Kamba mpya, kanga ya zamani iliyolainika. Nikaweka mfuko wa mchele ndani, nikabembeza kidogo. Peke yangu, mtu mzima, naubembeleza mchele.
Yote yakarudi, arobaini yangu ya Rehema. Mama na uji wake wa pilipili manga, unawasha mpaka macho. Ubani mvunguni. Anavyonikanda na maji ya moto, nalia, ananiambia lia, mzazi hakatazwi. Asubuhi nafumbua macho, namsikia na kitambaa chake, shwa, shwa, na kile kiwimbo cha puani. Sijawahi kulala raha kama siku zile.
Udongo kidogo umedondokea kwenye kanga. Nimeukung'uta.

Jumanne, 12 Novemba
Mvua imenyesha alasiri, ya kwanza ya vuli. Ikaacha. Kumbikumbi wakatoka. Mama Agnesi kaja na bakuli kuwaokota, kwao huko milimani wanakaangwa. Kasimama mlangoni na bakuli lake. Kasema, "Shoga, hawa hawaingii kwako. Wanatoka."
Kweli. Wanatoka pale boriti inapoingia ukutani. Wamejaa kwenye susu. Mabawa kila mahali, hata kwenye mchele.
Naogopa. Yarabi, naogopa.

Jumatano, 13 Novemba
Hoza karudi. Kaniuliza ukuta huu huwa naufanyaje. Nikamwonyesha kitambaa.
Kakaa kwenye kigoda. Kasema taratibu, "Mama, udongo huo ndiyo njia yao yenyewe. Wewe unaifuta asubuhi, wao wanaijenga upya. Mimi nakuja, sioni kitu."
Mama Agnesi hakuweza kujizuia. "Kumbe siku zote unawafagilia mchwa!"
Nimecheka. Nikacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, wakaogopa wote wawili. Hawakujua namlilia nani. Asubuhi zote zile, shwa, shwa. Mama alikuwa anawafuta hao hao. Nilidhani ni usafi tu. Na ulikuwa usafi. Hakujua. Mimi pia sikujua. Kile nilichokikumbuka kwa raha kuliko vyote, ndicho kilichowaficha.
Safari hii nimemwacha achome. Bisibisi imezama mpaka kwenye mpini. Kasema bati linavuja pale, mti umeshika maji miaka, na mti wa mkoko nao ukilowa hivyo huliwa. Boriti ishushwe. Asilale mtu humo.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimempigia Rehema. Nilitaka kumdanganya, niseme naumwa. Nimeshindwa. Nikamwambia ukweli, chumba hakifai, baki Kigombe, mkwe wako alisema kweli.
Kaniuliza,
"Mama, kwani mimi nilikuwa naijia boriti?"
Anakuja Jumamosi.

Jumamosi, 16 Novemba
Imeshushwa. Wanaume wanne waliibeba kuingia. Leo Hoza kaitoa peke yake, begani, kama mwanzi. Nje ganda, ndani udongo. Kijifereji cha kamba bado kipo. Nimepitisha kidole. Laini.
Nilitaka niweke kipande. Hoza kasema hapana mama, utawahifadhi mchwa. Nimeichanja mwenyewe, nimeitia jikoni. Rehema kafika miguu imevimba, vumbi la njia mpaka nyusi. Maji yake ya kuoga yamechemka kwa boriti ya babu yake. Sikumwambia mpaka alipomaliza kuoga. Kasema ndiyo maana yalikuwa matamu.

Ijumaa, 22 Novemba
Mtoto wa kike. Alhamdulillahi. Wote wazima. Tumewalaza sebuleni, kitanda tumekihamisha, pazia ni kanga.
Mama mkwe kaja kutoka Kigombe na kuku wawili. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Kaenda mpaka chumba cha uani, kachungulia lile pengo juu, karudi. Kaninong'oneza kwamba kwake dirisha la chumbani limeliwa pia, huwa analizibia pazia. Tumeshikana mikono tukacheka kimyakimya, mtoto asiamke.

Jumapili, 8 Desemba
Boriti mpya iko juu. Imepakwa dawa, baadaye ikakaa juani mpaka harufu ikaisha. Bati limezibwa. Haina kijifereji. Jana tumehamia tena chumbani, susu imefungwa, na kamba bado zinateleza kidogo, hazijapata mahali pao.
Asubuhi Rehema kaamka kabla yangu. Nimesikia shwa, shwa. Nimelala pale pale, sikufumbua macho. Nikajua ni yeye, na bado nikangoja wimbo.
Halafu nikakumbuka. Nikaruka, nikamkuta na kitambaa cha maji pembeni ya mlango, anafuta. Nikamwambia acha, usiufute. Kasema mama, mchafu, watu wanakuja kumwona mtoto.
Nikamwambia waje. Waone.
Katazama ukuta, kanitazama mimi. Kakianika kitambaa. Tumeketi chini ya susu, mimi kamba yangu, yeye yake. Hoza atapita kesho kukagua. Mtoto kalala.