Picha Isiyotuona

Ngorongoro, 4 Novemba 2024

Mwanangu Nasha,
Hujambo? Sisi wazima, mifugo mizima, ila moyo wangu unachemka.
Jana kampuni inayotaka kujenga hoteli ilituita kikaoni. Msemaji wao, Hilary, alitandika mezani picha kubwa ya bonde letu. "Imepigwa na setilaiti kutoka angani," akasema. "Hapa haishi mtu." Nikamwambia mimi naishi hapo. Akacheka: mashine haidanganyi. Ndipo binamu yako Dickson akasoma maandishi ya chini. Aliyeiandaa ni wewe.
Bonde hilo ndimo ulimozaliwa. Nijibu.
Mimi Yeyo, mama yako

Arusha, 12 Novemba 2024

Yeyo, takwenya, nakuamkia kwa lugha yetu. Afya yako? Mimi mzima.
Tulia nikueleze. Roketi hutema moto kwenda chini, nayo husukumwa juu. Huko huiachia setilaiti ikikimbia zaidi ya kilomita saba kwa sekunde. Inaanguka muda wote, ila kwa mwendo ule dunia inapinda chini yake, haitui, inazunguka tu. Kila siku tano inapita juu yenu na kupiga picha. Niliyopewa na ofisi yangu ya ramani ni ya Septemba, mlipokuwa mmehamisha ng'ombe. Nukta moja ya picha ni mita kumi, na nyumba ya samadi ina rangi ya udongo. Niliandika nilichokiona. Mashine haina kosa, wala mimi.
Mwanao Nasha

Ngorongoro, 25 Novemba 2024

Nasha,
Mimi mzima. Wewe sijui.
Mwalimu Patrisi ameniambia kuna watu wanakaa huko juu, ndani ya chombo, miezi sita, wanapelekewa chakula kwa roketi. Wakiwa hawapo, nani huenda nyumbani kwao na picha akasema hapa hapana mtu? Wao wakiondoka ni mashujaa. Sisi tukifuata majani wiki sita, hatupo duniani!
Ulijua tunahama kila kiangazi. Ulihama ukiwa mgongoni kwangu. Ulijua, ukanyamaza.
Jumatatu iliyopita watu wa kampuni wamevunja nyumba yangu. Niliikandika kwa mikono hii. Usiniandikie tena.
Yeyo

Arusha, 17 Januari 2025

Yeyo, takwenya. Umenikataza, naandika hivyohivyo.
Barua yako ilinikasirisha: kwanza nilikukasirikia wewe, halafu nikajikasirikia mwenyewe. Picha za zamani za setilaiti huhifadhiwa. Nimechukua za miaka tisa, masika na kiangazi. Uzio wa boma letu unaonekana kama pete, na palipokuwa na zizi majani ni mabichi kuliko kote. Kila mwaka mpo.
Nikamtaka Hilary afute jina langu kwenye ile picha. Akasema, "Nani alikutuma kutafuta hayo?" Wiki hiyohiyo ofisi yangu, inayolipwa na kampuni yake, ikanifukuza kazi. Picha nimempa Marsela, wakili wa Karatu, azilete kwenye kikao cha baraza la ardhi litakaloamua.
Nilikosa, Yeyo. Niliandika nilichokiona, nikaficha ninachokijua.
Mwanao Nasha

Ngorongoro, 3 Machi 2025

Nasha, iko, nimeitikia takwenya yako. U mzima? Nimesikia huna kazi, unakula?
Marsela alizitandika picha zako. Hilary akakohoa, akanywa maji, akasema atawauliza wakubwa zake. Kikao hakikumngoja: kimeandika kwamba bonde lina wenyewe na hoteli haijengwi. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, umeridhika?" Nikamwambia, "Nitalala ndani ya karatasi?"
Tangu jana nakata fito za nyumba mpya, mgongo unauma. Usiniletee sukari wala shuka. Leta mikono. Nina maneno makali ya kukwambia, na kalamu hii ni ya polepole mno.
Yeyo